Washa ya Jeddah

Mwezi uliopita mwalimu wenu wa useremala aliniomba nije niongee nanyi. Nilikuja. Mliokuwa mstari wa mbele mnakumbuka: nilisimama, nikataja jina langu, Josefu, nikasema nimefanya kazi ya mbao miaka mingi, nikaketi. Mlipiga makofi kwa adabu. Nashukuru. Tulipotoka nje mwalimu akaniambia, "Mzee, pengine uandike."

Kwa hivyo naandika. Kuandika hakujawahi kunitisha. Tangu kidato cha pili nina daftari, na mambo mengi niliyopaswa kumwambia mtu, nililiambia daftari. Siku moja hiyo tabia nusura inikoseshe mke. Nitafika hapo.

Niliona kwenye karakana yenu mna msumeno wa meza mpya, na seti ya dado ingali ndani ya kasha lake, hamjaigusa. Vizuri. Msiiguse mpaka mmalize kusoma hapa.

Dado ni mfuo unaokatwa kukingama nyuzi za ubao, ili ubao mwingine uingie humo na ukae. Rafu kwenye ubavu wa kabati, kwa mfano. Mimi nilijifunza kuukata kwa mkono: kuta mbili kwa msumeno, kisha unachimbua katikati kwa patasi. Mfuo mmoja, nusu saa, ukiwa hujakasirishwa na mtu. Seti ya dado ni bledi mbili za nje, na katikati yake unapanga bledi ndogo za kuchimba mpaka upate upana unaoutaka. Unapitisha ubao mara moja, mfuo umekwisha. Sauti yake ni ya mtu anayerarua shuka lisilo na mwisho. Nilisimama karibu na sauti hiyo miaka tisa bila kuziba masikio, kwa hivyo mkiniuliza swali kutoka upande wa kushoto na nisijibu, si kiburi.

Miaka ile mawakala walikuwa wakichukua watu kwenda Saudia kwa makundi. Walinzi, madereva, wasichana wa kazi za nyumbani. Wakala wangu Nairobi aliuliza, "Mashine unajua?" Nikasema najua. Haikuwa uongo kamili. Nilikuwa nimeziona. Kwenye begi langu nilibeba nguo, Biblia, daftari na randa yangu nyembamba, ile ambayo kisu chake kinafika hadi ukingoni. Mtu wa forodha aliigeuzageuza, akanirudishia kama mtu anayerudisha kiatu cha mtoto.

Karakana yetu ilikuwa Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi, nyuma ya duka la mapazia. Bosi, ambaye ndiye aliyekuwa kafili wetu, yaani mdhamini ambaye bila saini yake husafiri, aliitwa Abu Nasir. Ujanani alisomea Marekani, akarudi na digrii ambayo sikuwahi kuiona ikitumika, pamoja na msumeno wa meza ambao niliutumia kila siku. Msimamizi wetu alikuwa Mmisri wa miaka sitini na kitu, Ami Fathi. Alikuwa na vidole vyote kumi, baada ya miaka arobaini kwenye misumeno. Siku ya kwanza wenzangu walinionyesha ofisi, choo na gari la bosi. Mimi nilikuwa natazama vile vidole.

"Yusufu," akaniita, maana Josefu lilimshinda, "mashine gani unajua?"

"Zote."

"Zote," akarudia, bila dharau yoyote. Akanipa seti ya dado. "Funga hii."

(Tuliongea Kiarabu cha karakana, maneno mia mbili hivi na mikono. Hapa nakinyoosha.)

Nikafunga. Nilizipanga bledi kwenye shafti kama sahani kabatini, moja juu ya nyingine, meno juu ya meno, kisha nikakaza nati kwa nguvu zangu zote ili aone nimekula vizuri kwetu. Jino moja likasema tik, likaanguka sakafuni. Ami Fathi aliliokota. Hakunigombeza. Alichukua tone la gundi akalibandika mbele ya mashine, usawa wa kifua, mahali ambapo kila anayeitumia lazima alione. Lilikaa hapo miaka yote. Kila mgeni aliuliza ni nini, naye alijibu, "La Yusufu."

Mchana tulikula kabsa, wali wao wa nyama, watu sita sinia moja. Akaninyooshea kijiko. "Tazama mabega." Nikatazama. Watu sita wakikaa kifua mbele hawatoshi kwenye sinia. Kila mmoja alikuwa ameingiza bega kwenye nafasi iliyo kati ya wenzake wawili. "Meno ni hivyo," akasema. "Kila jino likae kwenye pengo la mwenzake. Sasa kula."

Nimesoma vitabu viwili vya mashine tangu siku hiyo. Hakuna kilichonieleza vizuri kuliko lile sinia.

Mengine nawapa jinsi yanavyonijia. Chomoa waya wa umeme kabla hujagusa bledi. Si kuzima, ni kuchomoa, na ile plagi iweke mahali unapoiona. Usivae glavu. Nati ikikazwa, uzi wa shafti uonekane umetokeza mbele yake. Usipotokeza, umepanga bledi nyingi kuliko shafti inavyoweza kushika, toa moja. Kuna misumeno ya meza yenye shafti fupi ambayo haikuzaliwa kubeba dado, usiibembeleze. Kwa dado unaondoa kinga ya bledi, kwa hivyo mkono wako usiwe ndio unaosukuma ubao. Tengeneza kibao cha kusukumia, na siku kikikatwa ukitengeneze kingine na ushukuru. Usikate mfuo wa kina kirefu kwa mkupuo mmoja ukajiona mwanamume. Nami ni shoto, na mashine zimetengenezwa na watu wa kulia, kwa hivyo mashoto mlioko humo ndani mjifunze kusimama upya.

Halafu upana. Plaiwudi iliyoandikwa milimita kumi na nane si kumi na nane. Ubao wowote unaoambiwa kipimo chake, pima mwenyewe. Kati ya bledi unaweka washa nyembamba za kuongezea upana kidogo kidogo, unakata kipande cha majaribio, unaingiza rafu. Kipimo cha Ami Fathi kilikuwa kiganja. Rafu iingie kwa kusukumwa na kiganja. Ikihitaji nyundo, imebana mno. Ikianguka yenyewe, imelegea mno. Washa za shaba zilizokuja na seti zilikuwa zimepotea kabla sijafika, kwa hivyo yeye alikata zake kutoka kwenye kadi za simu zilizokwisha, zile za kukwangua. Duara, tundu katikati. Kwenye baadhi yake uliweza kusoma nusu ya namba za siri.

Sasa nifike kwenye mke.

Mimi na Mama Kendi tulikuwa na mtoto mmoja na hatukuwa tumefunga ndoa. Kanisani kwetu Meru tulitangazwa Jumapili tatu, kama inavyotakiwa, na nikakosa ruhusa ya kusafiri. Mwaka uliofuata tukatangazwa tena Jumapili tatu. Nikakosa ruhusa tena. Dada yangu alinipigia akasema sasa mchungaji akianza kusoma jina langu watoto wanalimalizia. Mwaka wa tatu baba yake Mama Kendi alituma ujumbe mfupi: tarehe ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, nisipokuja, kuna mwalimu aliyefiwa na mkewe hapo jirani, ambaye hasafiri.

Nilichukua wiki mbili kujipanga nimwambie bosi. Niliandika hotuba kwenye daftari. Siku nilipoingia ofisini nikasema, "Bosi, ndoa," nikanyamaza.

Aliniangalia. "Yako?"

"Yangu."

"Kuna maktaba ya Jeddah," akasema. "Rafu zikisimama, nasaini ruhusa yako mara moja. Zisiposimama, mafi."

Mafi ni hakuna. Hilo nililijua tangu wiki ya kwanza.

Maktaba ilikuwa ya madam mmoja wa Al-Hamra, mtaa wa majumba karibu na bahari, aliyekuwa ameachiwa vitabu na baba yake. Makabati sita ya mbao nzito ya zani, rafu arobaini na mbili. Ngazi za jumba lile zilikuwa za kuzunguka, kabati zima lisingepita, kwa hivyo tungekata kila kitu Riyadh na kuunganisha kule juu. Ami Fathi aliipanga seti ya dado mwenyewe, akaacha kipande cha majaribio juu ya mashine, kisha akaenda Misri likizoni. Kazi ya kukata ikabaki kwangu.

Asubuhi yake nilichukua rafu nikaijaribu kwenye mfuo wa kile kipande. Ikaingia kama mkono kwenye mfuko. Ikacheza huku na huku. Nikaijaribu tena, ikacheza tena.

Nawaambia ukweli niliouandika siku hiyo, maana daftari ninalo: "Ami Fathi macho yamezeeka. Nimesikitika."

Ningeweza kumpigia. Lakini utampigiaje mzee aliyekufundisha kazi, yuko na wajukuu wake, umwambie hakupima sawa? Na ningeweza kuwauliza wenzangu, lakini hapo ningekuwa nimemtangaza. Basi nikafanya jambo la heshima. Nilisubiri wenzangu waende kunywa chai, nikachomoa waya, nikafungua nati, nikakuta katikati ya bledi washa moja ya kadi ya simu iliyozidi. Nikaitoa. Nikaitia mfukoni mwa shati. Nikakata mifuo themanini na minne, na kila rafu ilibana kwa kiganja, taratibu, hadi chini. Sijawahi kukata vizuri namna hiyo. Nilijisikia nimemfichia mzee aibu yake.

Dereva wetu alikuwa Mutiso, Mkamba wa Machakos, kijana wa maneno mengi kwa niaba yetu sote wawili. Tulipakia, tukavuka jangwa siku nzima.

"Bwana arusi," akaniambia njiani, "ukifika madhabahuni mchungaji akuulize unakubali, utasema ama utaandika?"

"Nitasema."

"Jaribu tusikie."

Sikujaribu. Ilikuwa ni gari, si kanisa.

Jeddah tulipofungua mlango wa lori miwani yangu ikaingia ukungu. Riyadh hewa ni kavu hadi midomo inapasuka. Jeddah hewa unaweza kuikamua. Nililitambua hilo kwa ngozi, kwa shati, kwa miwani. Kwa mbao sikulifikiria. Watu wa marumaru walikuwa hawajamaliza sakafu ya juu, kwa hivyo tuliweka mbao gerejini, milango wazi upande wa bahari, tukasubiri siku nane. Kila siku niliita tarehe kichwani. Siku ya tisa tukapandisha, nikasimamisha mbavu mbili za kabati la kwanza, nikachukua rafu ya kwanza, nikaisukuma kwa kiganja.

Haikuingia.

Nikaigeuza. Haikuingia. Nikachukua nyingine, na nyingine. Nikafanya nililokatazwa: nikachukua nyundo na kipande cha mbao nikagonga mara mbili. Ukingo wa mfuo ukatoa ufa mwembamba. Madam akauliza kutoka chini kuna nini. Mutiso akajibu, "Tamam, madam, tamam," yaani kila kitu sawa, kisha akanigeukia. "Jose. Kuna nini?"

"Zimenenepa."

"Nani?"

"Rafu."

Alizitazama zilivyopangwa ukutani. "Zote?"

Arobaini na mbili. Zilikuwa zimekunywa hewa ya Jeddah siku nane. Mbao hunenepa kwa unene na kwa upana, si kwa urefu wa nyuzi. Kwa hivyo rafu zilikuwa zimeongezeka unene wa kadi ya simu, na mifuo iliyokatwa kukingama nyuzi ilibaki vile vile. Hapo ndipo nilipotia mkono mfukoni mwa shati, maana lilikuwa shati lile lile la kazi, nikaikuta ile washa.

"Mpigie mzee," Mutiso akasema.

"Nitamwandikia."

"Jose, harusi ni wiki ijayo! Utamwandikia barua ama utabandika stempu kwenye pete? Piga!"

Alimpigia yeye mwenyewe, akaniwekea simu sikioni. Sikio la kulia, bahati nzuri.

"Ami Fathi," nikasema. "Yusufu."

"Uko Jeddah?"

"Niko Jeddah."

Nilisikia kuku nyuma yake. Kisha, "Uliitoa washa yangu?"

"Niliitoa."

"Kwa nini?"

Daftari halikuwa karibu. Nikasema, "Nilidhani macho yako yamezeeka. Sikutaka uaibike."

Kuku waliendelea. "Macho yangu ni mabaya," akasema mwisho. "Tangu zamani. Ndiyo maana sitegemei macho. Washa hiyo ilikuwa ya Jeddah, ya miaka ishirini ya Jeddah. Kwa nini hukuuliza?"

Hakusubiri jibu langu.

"Mifuo usiiguse. Huna mashine huko, utaiharibu. Una ile randa yako ya kwenu?"

"Ninayo."

"Punguza rafu, kwenye ncha tu, sehemu inayoingia mfuoni. Chora kwanza kwa kisu, ukuta uwe safi. Upande wa chini, Yusufu, si wa juu. Watu husimama mbele ya rafu, hawalali chini yake." Akakata simu.

Ncha themanini na nne. Hesabu yangu ilikuwa ncha ishirini kwa siku kama sitakula sana. Nilichora kwa kisu, nikapitisha randa, nikajaribu kwa kiganja, nikapitisha tena. Mutiso alisema yeye ni dereva, kazi yake ni kuketi. Aliketi juu ya kila rafu ili isisogee, siku nne, na ninasema hapa kwamba hakuna kibanio cha dukani kilichonisaidia kama yule mtu. Jioni ya pili malengelenge ya mkono wangu wa kushoto yalipasuka. Nikafunga kitambaa nikaendelea.

Siku ya tatu Abu Nasir alitokea bila kusema anakuja. Alisimama mlangoni akatazama maranda sakafuni, na Mutiso juu ya rafu kama kuku juu ya mayai.

"Kwa nini randa? Mashine ilifanya nini?"

Mutiso akawahi. "Bosi, hii ni staili ya Kenya. Mbao nzito lazima imaliziwe kwa mkono."

Ingeweza kupita. Bosi alipenda vitu vya mkono. Nilitazama ile washa dirishani nilikoiweka. Nikasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema kwa Kiarabu: "Bosi, si staili. Kosa ni langu. Ami Fathi aliweka washa ya Jeddah, mimi nikaitoa, rafu hazikuingia."

Mutiso alifumba macho.

Bosi alienda kwenye kabati lililokamilika. Akapitisha ukucha kwenye kiungo kimoja, akatafuta uwazi, hakuupata, maana ukipunguza chini hivyo unabaki mdomo mdogo unaofunika mfuo, na kiungo kinaonekana kimebana kuliko kingekuwa bila kosa. Hilo sikumwambia. Akaegemea rafu kwa kiwiko, kwa uzito wake wote, na uzito alikuwa nao. Haikulia.

"Zimebaki ngapi?"

"Kumi na nane."

"Zikisimama, utakwenda," akasema. "Zisiposimama, mafi." Yale yale ya mwanzo. Akaondoka.

Zilisimama Jumatano saa saba mchana. Alhamisi akasaini. Ijumaa nikapanda ndege, na Jumamosi nikafika kanisani, nimevaa suti ya shemeji.

Ami Fathi nilimkuta niliporudi Riyadh baadaye. Hakutaja lolote. Alikuwa amechukua kopo la maziwa ya unga, akalibandika karatasi iliyoandikwa Jeddah kwa herufi kubwa, na kulitia washa tatu mpya. Lile jino la siku ya kwanza lilikuwa bado mahali pake. Nikaibandika chini yake ile washa niliyoitoa, kwa gundi yangu mwenyewe. Mgeni wa kwanza aliuliza ni nini. Kabla mzee hajafungua mdomo nikasema, "Ya Yusufu." Nilikuwa nimeanza kuongea.

Lakini niwamalizie ya kanisani. Mchungaji aliniuliza kama nakubali, nikasema nakubali, kwa sauti iliyofika mstari wa tatu, dada yangu ni shahidi. Kisha Mama Kendi akachukua pete anivishe. Pete hiyo ilinunuliwa mwaka wa kwanza tulipotangazwa, kwa kipimo cha kidole changu cha wakati ule. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba kwa siku nne za randa. Pete ikafika kwenye kifundo, ikasimama.

Akaigeuza kidogo. Haikuingia. Mzee mmoja nyuma akasema wapake sabuni. Baba mkwe alikuwa anamtazama yule mwalimu wa jirani, aliyealikwa.

Mama Kendi hakutafuta sabuni. Aliweka kiganja chake juu ya pete, akasukuma taratibu, akaona haitaki, akaacha. Akanong'ona, "Kuna nini?"

Nikamweleza. Pale pale, mbele ya madhabahu: zani, gereji, washa, ncha themanini na nne. Sijawahi kumwambia mtu maneno mengi kiasi hicho kwa mara moja. Mchungaji alifunga kitabu, kidole kikiwa ndani kushika ukurasa, akasubiri.

Mama Kendi alipomaliza kunisikiliza aliitazama pete iliyokwama katikati ya kidole.

"Basi iache hapo," akasema. "Kidole kikikauka, itaingia."

Iliingia Jumatano.